Sindano za akupancha hutuliza vipi maumivu? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lamu

Majibu haya kuhusu akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ni ya wagonjwa wanaotujia kutoka mjini Lamu, Shela, Matondoni na visiwa vya upande wa Pate, pamoja na jamaa wanaowasindikiza. Maswali tumeyaacha kama yanavyoulizwa.

Je, hizo sindano zina dawa ndani?

Hazina. Sindano ya akupancha ni uzi wa chuma cha pua usio na tundu. Unene wake ni kama milimita 0.25, ilhali sindano ya kijani inayotolea damu hospitalini ina milimita 0.8. Haiingizi kitu mwilini wala haitoi kitu. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye neva, na unaoitika ni ubongo wako, kwa dawa unayoitengeneza wenyewe. Tunalitanguliza hili kwa sababu mengi yanayofuata, kuanzia muda wa kulala kitandani hadi kikombe cha kahawa ulichokunywa njiani, yanatokana nalo.

Ni dawa gani ambayo mwili unajitengenezea?

Watu waliijua afyuni karne nyingi kabla ya kujua inashika wapi. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, huko Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu vinavyoshikwa na morfini, dawa inayotoka kwenye afyuni, mithili ya kufuli na ufunguo wake. Likazuka swali: kwa nini ubongo wa mtu uwe na kufuli linalofunguliwa na utomvu wa ua? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, mjini Aberdeen, Uskoti, wakaupata ufunguo wa nyumbani. Waliuita enkefalini. Baadaye zikajulikana endofini-beta na dainofini.

Zote ni minyororo ya asidi-amino. Zifikirie kama shanga zilizotungwa: enkefalini ina shanga 5 tu, dainofini A ina 17, na endofini-beta ina 31, mbili pungufu ya tasbihi ya 33. Urefu huo una maana yake. Enkefalini hukatwakatwa na vimeng'enya upesi sana, kwa hiyo hufanya kazi papo hapo ilipomwagwa. Endofini-beta hudumu zaidi. Hutengenezwa hasa kwenye haipothalamasi na kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Enkefalini na dainofini zimetapakaa sehemu nyingi, hata ndani ya uti wa mgongo.

Mmejuaje kwamba ni kemikali hizo, si jambo jingine?

Kwa kuziba kufuli. Ipo dawa iitwayo naloksoni, ile anayopigwa mtu aliyezidisha heroini ili pumzi zimrudie. Naloksoni hukaa kwenye vipokezi vya morfini bila kuvifungua, na hairuhusu kingine kikae. Mwaka 1976 Bruce Pomeranz wa Toronto alionyesha kwamba panya waliotulizwa maumivu kwa sindano hurudi kuumia wakipewa naloksoni. Mwaka uliofuata matokeo ya namna hiyo yakachapishwa Marekani kwa watu, kwa maumivu ya jino. Lau sindano ingekuwa na njia nyingine kabisa, naloksoni isingeigusa.

Kabla ya hapo, Beijing, Profesa Han Jisheng na wenzake walikwisha kuchukua maji ya ubongo ya sungura waliochochewa kwa akupancha wakayatia kwenye ubongo wa sungura ambao hawakuguswa. Hao wa pili nao wakastahimili maumivu zaidi. Jambo lililosafiri katika yale maji lilikuwa kemikali, maana sindano hawakuchomwa.

Han alionyesha jambo jingine, na kwetu hili ndilo la kazi ya kila siku: ukitia ganzi ndani kwenye mnofu wa mahali pa sindano, athari inapotea. Vivyo hivyo kwa kiungo kilichopooza na kupoteza hisia. Habari hupita kwenye neva. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi hatumchomi miguuni: faida ni ndogo, na kidonda chake huchelewa kupona. Tunatafuta mahali palipo hai, mkononi au juu ya goti.

Maumivu yako shingoni, mbona mnachoma mkononi?

Mchukue mchonga milango ambaye shingo imemkaza kwa kuinamia ubao siku nzima. Sindano inamwingia mahali paitwapo Hegu, kwenye mnofu baina ya kidole gumba na kidole cha shahada. Neva nyembamba za msuli zinaipeleka habari hadi pembe ya nyuma ya uti wa mgongo. Hapo pana kituo cha kwanza. Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango: hisia nyingine zikiingia kwa nguvu, habari ya maumivu inabanwa. Mtoto akijigonga tunamsugua palipoumia, na lango hilo ndilo linalofanya kazi. Enkefalini na dainofini husaidia kulifunga. Lakini lango la kituo kimoja linahudumia eneo lake tu. Ndiyo maana kwa maumivu ya goti tunachoma pia karibu na goti.

Habari haiishii hapo. Inapanda hadi ubongo wa kati, kwenye ukanda wa kijivu unaouzunguka mfereji mdogo wa maji ya ubongo. Ukanda huu ndio mlango mkuu. Ndani yake mna seli zinazoweza kuyazima maumivu ya mwili mzima, ila kila wakati zimeshikwa na walinzi, yaani seli zinazomwaga kemikali ya kuzuia. Endofini inapofika hapo inamnyamazisha mlinzi, haimgusi anayelindwa. Zile seli zikishaachiwa hutuma amri kushuka chini, na njiani amri hiyo hubebwa na kemikali za serotonini na noradrenalini mpaka kwenye pembe zilezile za uti wa mgongo, safari hii katika ngazi zote, na ile inayohudumia shingo ikiwemo. Ndivyo mkono unavyoitibu shingo.

Kuna na sehemu ya tatu ambayo wagonjwa huieleza vizuri kuliko sisi: "Maumivu yapo, lakini hayanisumbui kama jana." Picha za ubongo zilizopigwa mtu akiwa na sindano zimeonyesha shughuli ikipungua kwenye amigdala na hipokampasi, sehemu zinazohusika na hofu na kumbukumbu. Kuumwa na kuteseka ni mambo mawili, na sindano huweza kupunguza la pili kabla ya la kwanza.

Kwa nini mnaizungusha sindano mpaka mguu unakuwa mzito?

Uzito huo, au kujaa, au ganzi inayotambaa, Wachina huuita *de qi*. Kwetu ni dalili kwamba neva za ndani ya msuli zimeitika. Sindano iliyolala kimya juu ya ngozi huamsha kidogo sana. Tunaizungusha taratibu kila baada ya dakika 5 hivi. Ukisikia kama umeme mkali unaoruka hadi vidoleni, sema upesi: tumegusa neva kubwa, na sindano inarudishwa nyuma milimita chache. Maumivu makali hayaongezi dawa. Humfanya mtu akaze misuli, na msuli uliokaza huishika sindano isizunguke wala isitoke.

Ile mashine ya umeme ina kazi gani?

Inafanya kazi ya mikono yetu, ila kwa kipimo kinachohesabika. Hapa ndipo kemia inapovutia zaidi. Kwa mapigo 2 kwa sekunde, mfumo wa neva humwaga zaidi enkefalini, endofini-beta na endomofini, kemikali nyingine ya aina hiyo. Kwa mapigo 100 kwa sekunde, humwaga dainofini kwenye uti wa mgongo. Hizi hazishiki kufuli moja: dainofini ina vipokezi vyake, na ndiyo maana kuizima athari ya mapigo 100 kunahitaji naloksoni nyingi zaidi kuliko kuizima ile ya mapigo 2.

Ukitaka zote mbili, unabadilisha: sekunde 3 za mapigo 2, kisha sekunde 3 za mapigo 100, kwa kupokezana. Mpango huo ulitoka kwenye maabara ya Han na ndio tunaoutumia sana kwa mgongo na magoti. Umeme wenyewe ni miliampea 1 hadi 3. Tunaanza sifuri na kupanda polepole mpaka msuli ucheze bila kuuma. Baada ya dakika kama 10 neva huzoea, ukahisi umepungua, ndipo tunaongeza kidogo.

Makosa tunayoyaona: kuweka nguvu kubwa tangu mwanzo, kuunganisha waya mbili kupitia kifuani, kumwekea mwenye betri ya moyo. Hilo la mwisho halifanywi kabisa. Umeme ukikatika, na Lamu hukatika, mashine yetu ya betri haikuathiri, lakini mashine ya kuchomeka ukutani tunairudisha sifuri kwanza, ili umeme ukirudi usikupige kwa nguvu ileile.

Kwa nini nilale dakika 30? Siwezi kuchomwa dakika 10 nikaenda zangu?

Unaweza, lakini utaondoka kabla dawa haijawa tayari. Kwa watu waliopimwa, uwezo wa kustahimili maumivu hupanda taratibu na kufika kileleni baada ya dakika 30 hivi. Sindano zikitolewa hushuka, na nusu ya faida hupotea katika kila dakika 16. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutomfupishia mtu muda hata foleni ikiwa ndefu.

Mtu atauliza: kama nusu inapotea kwa dakika 16, mbona nafuu yangu hukaa siku tatu? Kwa sababu mapigo yanayorudiwa hayamwagi tu akiba iliyopo. Huziamsha seli zitengeneze kemikali mpya, nayo ni kazi ya saa na siku. Ndiyo maana tunapanga mara 1 au 2 kwa wiki, kwa wiki 5 hadi 8, na hatumkubali anayetaka kila siku asubuhi na jioni.

Kuzidisha kuna hasara ya kweli. Panya walipochochewa kwa saa nyingi mfululizo, sindano iliacha kufanya kazi. Ubongo ulianza kumwaga kolesistokinini, kemikali inayopinga afyuni ya mwilini. Ni breki. Ukikanyaga mafuta bila kuachia, breki inakazwa.

Ni kweli kahawa huharibu tiba?

Swali hili lina uzito hapa kwetu, kwa mtu aliyekaa barazani akamaliza vikombe vitano vya kahawa tungu kabla ya kuja.

Mwaka 2010 kikundi cha Maiken Nedergaard, huko Rochester, Marekani, kilipima kemikali zinazotoka kwenye tishu palepale sindano inapozungushwa. Kwa panya waliochomwa Zusanli (kwa mtu ni vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi), adenosini ilipanda mara 24 hivi. Adenosini hutuliza neva za maumivu zilizo jirani kupitia kipokezi kiitwacho A1. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho hawakupata nafuu. Na nafuu hii ilikuwa ya upande uliochomwa tu, kwa hiyo ni kazi ya mahali hapo, mbali na ile amri ishukayo kutoka ubongoni.

Sasa, kafeini, iliyomo kwenye kahawa, huondoa usingizi kwa kuvikalia vipokezi vya adenosini, na hicho cha A1 kikiwemo. Kwa panya, kafeini imewahi kuizima athari ya sindano. Kwa watu ushahidi ni mchache, na hatumkatazi mtu kahawa yake. Tunachoomba ni hiki: kafeini hubaki nusu mwilini baada ya saa 5 hivi, basi siku ya miadi acha kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu tangu asubuhi, na uje alasiri. Ni gharama ndogo. Mtafuna miraa naye asubiri siku nyingine, kwa sababu moyo wake unaenda mbio na hatulii kitandani.

Je, si imani tu?

Sehemu yake ni matarajio, na hatuoni haya kulisema. Mwaka 1978 ilionyeshwa kwamba hata nafuu anayoipata mtu kwa dawa bandia huweza kuzimwa na naloksoni. Maana yake, kutarajia kupona nako humwaga endofini. Imani na sindano hubisha mlango mmoja.

Kipimo ni kulinganisha. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012, uliojumlisha wagonjwa 17,922 wenye maumivu sugu, hueleweka hivi: mtu akianza na maumivu ya 60 kati ya 100, bila akupancha atafika kama 43, kwa sindano za bandia (zisizoingia ndani au zisizochomwa mahali pake) 35, kwa sindano za kweli 30. Tofauti baina ya kweli na bandia ipo, lakini ni ndogo. Tofauti baina ya kuchomwa na kutochomwa ni kubwa zaidi. Ulipohuishwa mwaka 2018 ulionyesha pia kwamba baada ya mwaka faida ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 tu hivi.

Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2007, kwa wagonjwa 1,162 wa mgongo, unafundisha unyenyekevu: walionufaika kwa akupancha ni asilimia 47.6, kwa sindano za bandia 44.2, na kwa tiba ya kawaida 27.4. Ndiyo maana taasisi ya NICE ya Uingereza inaikubali akupancha kwa kuzuia kipandauso, hadi vikao 10, lakini mwaka 2016 iliiondoa kwenye mwongozo wa maumivu ya mgongo. Anayekuambia inatibu kila kitu anakudanganya.

Mwenzangu alipona, mimi sikusikia kitu. Kwa nini?

Mara nyingi ni kipimo: kina kidogo, muda mfupi, au vikao viwili tu ukakata tamaa. Wakati mwingine ni maumbile. Miongoni mwa panya wa aina moja wako wasioitika, na waligunduliwa kuwa na kolesistokinini nyingi, ilipopunguzwa, wakaitika. Mtu asiyeitika hana kasoro wala imani haba.

Naendelea na dawa zangu?

Endelea, na utuambie zote. Parasetamoli na dawa za kupunguza uvimbe hazigombani na sindano. Warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda: tunachoma juujuu na kukandamiza kwa dakika kadhaa, na kipimo cha damu kiwe cha karibuni. Naltreksoni, dawa wanayopewa wanaoacha pombe au heroini, huziba kufuli zilezile kama naloksoni, hivyo tarajia nafuu ndogo. Aliyetumia tramadoli au morfini kwa miezi mingi, vipokezi vyake vimechoka, na sindano itaitikiwa kwa unyonge mwanzoni. Anayekunywa metadoni, dawa ya badala ya heroini, kliniki ya Malindi asipunguze hata mililita moja kwa sababu ya kuanza akupancha. Mabadiliko hayo ni ya daktari wake.

Ina tofauti gani na kuumika?

Anayeumika huvuta ngozi kwa pembe au kikombe, na kwa hijama huchanja damu itoke. Akupancha haitoi damu. Tone moja likitokea tunalipangusa. Kuvutwa kwa ngozi nako huamsha neva, hivyo yale mambo ya lango la uti wa mgongo huenda yakahusika. Usifanye vyote viwili mahali pamoja siku moja, maana ngozi iliyochanjwa ni njia ya vijidudu.

Nikifunga Ramadhani?

Kuhusu hukumu, muulize shekhe wako. Kuhusu mwili: aliye na njaa na kiu huzirai upesi akichomwa. Mwezi huo tunahudumia baada ya tarawehe.

Nini kinaweza kuharibika?

Kuzirai ndiko kunakotokea zaidi, hasa mara ya kwanza. Dalili ni jasho baridi, kichefuchefu, macho kuingia kiza. Tunatoa sindano zote, tunainua miguu, na akishazinduka vizuri anapewa maji ya sukari. Kwa hiyo hakuna anayechomwa ameketi siku ya kwanza, na hakuna anayekuja bila kula.

Sindano iliyonaswa haivutwi kwa nguvu. Papaswe pembezoni, isubiriwe dakika 5 hadi 10, msuli utaachia.

Jambo kubwa la hatari, ingawa ni nadra, ni kutoboa pafu. Mahali pabaya ni juu ya bega, kati ya mbavu, na mgongoni juu. Hapo tunachoma kwa mshazari na kwa kina kidogo. Maumivu ya kifua au pumzi fupi, hata saa kadhaa baadaye, ni safari ya hospitali mara moja, usingoje asubuhi. Wazamiaji wa kambamawe, hasa wa Kizingitini, wasizame siku waliyochomwa eneo hilo.

Mjamzito hatumchomi Hegu wala Sanyinjiao, mahali palipo upande wa ndani wa mguu, juu ya kifundo. Kila sindano hufunguliwa mbele yako na kutupwa baada ya mtu mmoja. Idadi iliyoingia lazima ilingane na iliyotoka, hesabu nawe. Baadaye usingizi mzito ni kawaida, basi usishike bodaboda wala usukani wa mashua kwa saa moja.

Maumivu gani nisiyalete kwenu kwanza?

Kichwa chenye homa: kapime malaria. Kifua kinachobana. Mgongo pamoja na kushindwa kuzuia haja au ganzi ya mapajani. Tumbo la ghafla. Maumivu ya selimundu yaliyochachamaa. Goti lililovimba na lenye moto. Kuyatuliza hayo ni kumfunika mdomo anayepiga kelele ya moto.

Nitajuaje kama inanifaa?

Chukua daftari. Kila usiku, kabla ya kulala, andika namba ya maumivu kutoka 0 hadi 10, saa ulizolala, na vidonge ulivyomeza. Anza wiki moja kabla ya sindano ya kwanza, usisubiri ukishachomwa. Baada ya vikao 6 tunalisoma pamoja. Namba ikishuka kwa 2 au zaidi, au vidonge vikipungua kwa nusu, tunamalizia hadi vikao 10 kisha tunapumzisha. Isiposhuka, tunabadilisha mahali na mapigo kwa vikao viwili. Isiposhuka tena, tunaacha, na hatukuandikii miadi mingine.